Kuku wa Mwalimu Deogratias

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu mkuu, Madamu Kristina, ameniita ofisini. Kiingereza ninachofundisha hakina shida. Shida ni mimi. Wazazi wanalalamika kwamba yule Mkenya anawapita watu wazima kama anapita miti. Mkataba wangu unaamuliwa Ijumaa, na mwenyekiti wa bodi, Mzee Fransisko, ndiye mwenye neno la mwisho. Nisipopendwa kufikia Ijumaa, narudi Kakamega kulala kwenye kochi la kaka yangu.

Basi nitapendwa. Nimeanza jioni hii mtaani kwetu Mwembesongo: shikamoo kwa kila ninayekutana naye. Muuza vitumbua ameniuliza kama anaonekana mzee kiasi hicho. Ana miaka ishirini na mbili.

Jumatano, 7 Mei

Kaka yake Mzee Fransisko amefariki. Walimu wote tumepanda kijijini kwao milimani, Matombo, kuzika. Barabara ilinitapisha chai yote ya asubuhi. Mjane, Mama Hosiana, aliposikia natoka Kenya aliniuliza mama yangu anapataje usingizi mtoto akiwa mbali hivyo. Katikati ya msiba wake! Akanifungia mdalasini nimpelekee.

Kisha Deogratias, mwalimu wa hesabu, Mnyamwezi wa Tabora, akajilaza njiani mbele ya jeneza. Akasema marehemu haendi popote mpaka yeye apewe kuku, maana alikuwa mvivu na huko aendako atawachosha wenzake. Nikangoja apigwe. Watu wakacheka. Mzee Fransisko akafuta machozi huku anacheka, na kuku akaletwa. Mimi miaka miwili hapa sijapewa hata yai.

Nimemuuliza siri yake. Amesema Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu, hiyo ndiyo kazi yake msibani. Kama ni kazi tu, hata mimi naiweza.

Alhamisi, 8 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Niliwaachia darasa la sita insha ya Kiingereza kuhusu tabia njema, nikamwomba Deogratias awasimamie, nikapanda Matombo peke yangu. Wafiwa bado walikuwa kwenye matanga. Nikajilaza kizingitini, mbele ya mkeka wa Mama Hosiana. Nikasema marehemu hakufa, amekimbia mapishi ya mkewe, na siondoki bila jogoo.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliniuliza kabila langu. Mluhya, nikasema. Akawageukia wenzake, wakatikisa vichwa. Mzee Fransisko akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Mama Hosiana alinitazama tu, kiganja mdomoni.

Mtu aliyemkumbuka mama yangu siku anamzika mumewe, nami nikamfanyia hivyo. Hata ule mdalasini naona haya kuutazama.

Ijumaa, 9 Mei

Bodi imekaa. Madamu Kristina amenisimulia yote. Deogratias aliingia akasema mimi ni mzigo wake, kosa langu wamlaumu yeye, akamrudisha na yule kuku. Mzee Fransisko amenipa muhula mmoja, kwa sharti nikaombe radhi.

Miaka miwili nimemwonea wivu mtu huyu. Nimejuta.

Jumamosi, 10 Mei

Tumepanda Matombo, Deogratias na mimi. Nilipiga magoti, shikamoo ikatoka yenyewe. Mama Hosiana alisema alinisamehe siku ileile. Kumbe mumewe alimtania kuhusu mapishi miaka thelathini, na Alhamisi kicheko kilimjia mpaka akajiziba mdomo. Lakini mimi si mtani wao. Angechekaje mbele ya ukoo mzima?

Akatupakulia wali. Nililia kidogo juu ya sahani. Nimeapa kuacha ujanja.

Jumapili, 11 Mei

Kwa hiyo alitaka kucheka!

Nimeliwaza hilo misa nzima. Maneno yalikuwa sawasawa, kilichopungua ni kabila. Nimemuuliza Deogratias kama Wanyamwezi wanapokea watu wapya. Aliingia ndani, akafunga mlango. Hakusema hapana.

Jumamosi ijayo Madamu Kristina, Mluguru halisi, anamwoza binti yake. Nimeshajua kusema mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Nitalala mbele ya gari la bibi harusi.