Vita Vikuu vya Tuta la Mamumunye

Sogeeni, enyi watu wa Mikumi na nyote mkaao hadi Kilosa mjini, wekeni chini majembe na simu zenu, niwasimulie vita ambavyo, lau shujaa wake angekuwa na akili, visingepiganwa kabisa.

Shujaa ni mimi, Lupakisyo, Mshinde wa Nyanya, Mgane wa Kabichi, Simba wa Tuta Moja, niliyepanda nyuma ya nyumba mashina manane ya mumunye la kizungu, lile ambalo wapishi wa hoteli za mbugani huliita zukini. Naye mke wangu Sikuzani, mwenye tuta kwa haki na kwa jembe, akatangaza: "Baba Loveth, Jumapili ya wiki ijayo kama hujaleta mumunye jikoni, nang'oa, napanda matembele yangu."

Naam, majani yalikuwa yamekwisha kutanuka kama ngao, kwa samadi niliyoisukuma kwa toroli toka zizini kwa Mzee Mhoja. Maua ya dhahabu yakasimama safu kwa safu. Yenye kijitunda shingoni niliyaheshimu kama malkia. Yale mengine, yenye vikonyo virefu visivyo na kitu, niliyahukumu: "Wazururaji! Mnakula samadi yangu bure!" Kila asubuhi niliyafyeka, nikayaunga kwa karanga, nikayala kwa ugali. Matamu, sitawaficha. Lakini vijitunda vya malkia vikageuka njano, vikaoza ncha, vikaanguka kimoja kimoja.

Zikabaki siku nane, akapita jirani yetu Bibi Hildegarda, mkulima wa milima ya Vidunda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona sura ya msibani?"

"Majeshi yangu yanakufa, bibi. Nimeyapa maji, samadi na sala!"

Akainama, akafunua majani. "Maua dume yako wapi? Haya yasiyo na tunda?"

Nikakagua mawingu kwa ushujaa. Sikuzani akajibu kutoka mlangoni: "Kayala, bibi. Na karanga."

Bibi akacheka hadi akashika mpapai. "Mwanangu, umewala mabwana harusi wote, halafu unangoja watoto!"

Kulipokucha, kama bibi alivyonielekeza, nilipiga magoti matopeni, nikampata dume mmoja aliyechanua mafichoni, nikamvua petali, nikapaka chavua yake, ule unga wa manjano, kwa mabibi harusi watatu.

"Na mahari?" akauliza Sikuzani.

"Mke wangu, usivuruge ibada!"

Wawili wakaanguka. Wa tatu akanenepa, na Jumapili nikambeba kwa mikono miwili, kuvuka uwanja wote wa hatua kumi na moja, mpaka jikoni.

Sikuzani akampima kwa kiganja. "Kadogo."

"Ni historia, Mama Loveth!"

Akakata, akakaanga, akaonja. Akaonja tena. "Haya. Nusu ya tuta yako, nusu matembele. Na maua usiguse."

Basi iandikwe, watoto wakaririshwe: siku ile watu watatu, mimi, mke wangu na Loveth wetu, tulikula vipande vinne vinne, na Simba wa Tuta Moja akatawazwa, kwa vifijo vyake mwenyewe, kuwa Simba wa Nusu Tuta.