Ombi la Kuinua Waya Ulio Juu ya Maharagi Yangu

Kibabi, Oktoba 1969

Kwa Papa Séraphin,
Mkubwa wa Umeme, shamba la kahawa

Mheshimiwa Papa,

Pokea salamu za mkulima asiye na ugomvi na mtu, ila na waya wako. Juzi uliniamuru, mbele ya majirani, ning'oe miti yote niliyoisimika kwa ajili ya maharagi, eti ni hatari kuinua miti mirefu chini ya waya. Nimelifikiri neno lako kwa moyo mweupe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maharagi yetu hupanda. Ukiyapa mti mfupi yanafika juu, yanakosa njia, yanarudi chini kwa aibu. Marehemu baba alitumia miti mirefu, na hakugombana na umeme hata siku moja. Ni kweli umeme haukuwapo, lakini hilo si kosa la baba.

2. Ulisema mti mbichi hupitisha umeme. Papa, huku kwetu mvua inanyesha hata juu ya kitanda changu. Mti mkavu nitautoa wapi? Leo ning'oe miti, kesho utaniomba nizuie mvua.

3. Ulisema tena umeme unaweza kuruka kabla mti haujagusa waya. Hapo nilicheka, unisamehe. Kitu kisicho na miguu kinarukaje?

4. Jirani yangu Kanyamibwa ana miti mirefu kuliko yangu, na hajapatwa na neno. Waya haupiti kwake, lakini haki ni haki.

Kwa hiyo naomba uinue waya, ao uzime umeme hadi mavuno. Wakubwa wa shamba wale kwa mshumaa. Samaki wao wa jioni atakuwa na ladha ile ile. Maharagi ni wenyeji hapa, na mgeni ndiye hupisha.

Nisalimie Mama Constance, watoto, na hata mbwa wako aliyenibwekea.

Mtiifu wako, isipokuwa kwa habari ya miti,
Marcellin Hakorimana

N.B. Papa Séraphin, mwenye kuandika hapa njo mimi Dorothée, bibi ya ndoa ya Marcellin. Kabla ya kuleta barua, Marcellin aliinua muti moja ili anionyeshe vile waya iko mbali. Haikugusa. Moto iliruka yenyewe, muti ikapasuka, yeye akaanguka mu matope. Iko muzima, Mungu asifiwe, lakini mukono yake haiwezi kushika kalamu. Niliogopa sana, Papa. Nililia mupaka majirani wakakuja. Miti yote nimeing'oa, na pale chini tutapanda maharagi ile fupi. Waya ibakie pale iko. Maharagi nitapata ingine. Bwana niko naye mumoja tu, hata kama kichwa yake iko nguvu.