Binti Yangu Hajawa Mtu Mzima

Karuba, tarehe 9 Septemba 1968

Kwa Bwana Munganga Mkuu, hospitali ya misioni

Mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu aliyelala chini ya vitanda vyenu kwa miaka saba. Mimi ni Léonard Kanyamibwa, mkulima wa maharagwe, baba wa Thacienne mwenye ugonjwa wa sukari. Tangu mama yake atutoke, ni mimi ninayelala naye katika jengo la watoto kila anapozidiwa. Mwezi uliopita mliandika kwamba ametimiza miaka kumi na mitano, hivyo ahamie jengo la wanawake. Napinga, na sababu ninazo.

1. Umri huo ni kazi ya mikono yangu. Niliutunga ili aingie shule mapema. Mwalimu, ili kupima umri, alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Nami nilikuwa nimemfundisha kuinamisha shingo. Ana kumi na mitatu, labda na nusu. Hospitali kubwa kama yenu ilipaswa kujua kwamba baba hamwambii karani ukweli wote.

2. Kwetu msichana huwa mkubwa anapoolewa na kupewa shamba la kulima. Ikiwa ninyi ndio mliomkuza, basi ninyi mtafute mume. Ng'ombe wa mahari nitawapokea bila kubembelezwa.

3. Katika jengo la watoto, Sista Adelaïde huchemsha mkojo pamoja na dawa ya buluu kupima sukari. Ukibaki buluu, tunamshukuru Mungu. Ukigeuka rangi ya tofali, ananifokea mimi: "Papa Léonard, ulimupa tena ndizi ya kuiva?" Huo ndio utaratibu mwema. Kwa wanawake, nasikia, anayeulizwa ni mgonjwa mwenyewe. Sasa baba abaki na kazi gani?

4. Jengo la wanawake haliingii mwanamume. Mlinzi wenu, Papa Séraphin, aliniambia bila haya: "Weye uko mwanaume, iko sheria." Nimekuwa mwanamume miaka yote hii na hakuna aliyelalamika! Naomba niandikwe kuwa mama yake. Ikishindikana, nirudisheni utotoni. Kalamu iliyomkuza mtoto inashindwaje kumpunguza mzee? Niandikeni miaka minane, nilazwe kwa watoto, na Thacienne, kwa kuwa sasa ni mtu mzima, alale chini ya kitanda changu kunichunga.

5. Hili la mwisho silo la mchezo. Juzijuzi alikwenda kwa wanawake kuchukua dawa yake ya sindano iliyokuwa imekwisha, wakasema karatasi yake haijafika. Akarudi kwa watoto, wakasema jina lake limefutwa. Alikaa siku mbili bila sindano. Siku ya tatu alitapika, akahema mbio, akawa hanijibu. Majirani walimbeba kwa kipoyi, machela yetu ya miti, hadi kwenu, na Sista Adelaïde akamwokoa bila kuuliza karatasi. Niliogopa kuliko siku tuliyomzika mama yake. Aliyeichelewesha karatasi ile aadhibiwe, hata awe nani.

Nangoja jibu kabla maharagwe hayajatoa maua. Nisalimie masista, wapishi, Papa Séraphin pia ingawa hastahili, na yule bibi aliyekuwa akiazima sufuria yangu.

Wako kwa heshima na hasira kiasi,
Léonard Kanyamibwa

N.B. Karatasi ya uhamisho imo ndani ya bahasha hii. Sista alinikabidhi mimi niipeleke kwa wanawake. Niliitia katika mfuko wa koti la misa, nikidhani isipofika, mtoto atabaki mtoto. Thacienne ameikuta leo akitaka kulifua koti. Hakunigombeza. Alichemsha sindano yake, akajichoma mwenyewe, kama afanyavyo tangu Pasaka huku mimi nikitazama ukuta. Kisha akasema: "Papa, kesho naenda kwa wamama. Nitaingia miye peke yangu."

Mpokeeni, ni mtu mzima. Adhabu yangu nitaipokea huko nje. Nionyesheni tu dirisha lake ni lipi, nijue pa kusimama.