Nyumba Yangu Ichakae Kabla ya Jumatatu

Alhamisi, 9 Aprili 2015. Shively, pembeni mwa Louisville.
Nimegundua siri ya matajiri! Leo kule ghalani ninakofanya kazi tumezungumzia hoteli inayojengwa katikati ya Louisville. Jiji linapima thamani ya eneo likiwa bado bovu. Mwenye mradi anajenga, thamani inapanda, kodi inapanda, halafu ile nyongeza ya kodi anarudishiwa yeye! Halali kabisa. Binti yangu Isaro akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba huo ni mpango wa mahoteli, si wa nyumba ya vyumba viwili. Mtoto hana maono. Nimempigia shemeji Bamurange kule Buffalo: keki ya harusi yake juu yangu. Ghorofa tano! Jirani yetu Polycarpe ameahidi soda tu.

Ijumaa, 10 Aprili.
Nimeomba mthamini wa kodi aje. Ofisini wakashangaa; kumbe hakuna mtu anayewaita. Atafika Jumatatu tarehe 20. Kazi ni moja: anikute na kibanda, nikijenga baadaye nyongeza iwe nono. Mke wangu Vestine ameniuliza kama nina homa.

Jumanne, 14 Aprili.
Raha! Nimeng'oa mlango wa wavu. Nimepaka matope ukuta wa mbele. Dirisha moja nimeziba kwa boksi la kazini. Polycarpe, ambaye nyasi zake zimenyolewa kama kichwa cha askari, amesimama uani kwake akitikisa kichwa. Wivu huo.

Jumamosi, 18 Aprili.
Balaa! Nimerudi kutoka kazini saa nane mchana, nikakuta kanisa zima kwangu. Kumbe Polycarpe alitangaza kanisani: "Bon, ndugu Ezéchias nguvu zimemwisha, donc tumubebe." Kwaya iko juu ya ngazi ya Polycarpe inapaka rangi. Mlango mpya. Vioo vipya. Maua! Nikawasihi waache, wakasema huo ndio unyenyekevu wa mtu mwenye shida, wakaongeza kasi. Mama Nyirakamana wa kanisani kaleta sombe ya majani ya muhogo na wali, sufuria mbili. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilijikuta naimba besi, brashi mkononi, na furaha tele moyoni. Hawa watu wananipenda.

Jumatatu, 20 Aprili.
Mthamini kafika. Kasifu maua. Kapiga picha. Thamani imepanda na kodi itapanda, na hakuna anayenirudishia hata senti. Vestine amesema Bamurange atakata andazi.

Jumatano, 22 Aprili.
Nimetafakari sana na kosa langu nimeliona. Kule mjini hawakupima jengo moja, walipima eneo zima! Nyumba moja si eneo. Nyumba mbili, hapo tunaweza kuongea. Polycarpe amesafiri na kwaya hadi Columbus, atarudi Jumapili. Nimempigia Bamurange tena: ghorofa saba. Matope yamebaki ndoo nzima, na ngazi Polycarpe aliisahau kwangu.