Jaribio la Shingo Kumi na Mbili

Kwa furaha kubwa, Idara ya Mikao ya Watumishi inautangazia umma wa Unguja kwamba maumivu sugu ya shingo sasa yako chini ya kamati. Mimi, Msabah, ndiye katibu wake.

Tuliandikishwa watumishi kumi na wawili, sote shingo zimekaza. Chanzo kilikuwa vikao. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Mudrik, akisema neno, sisi huitikia kwa kichwa, juu chini, juu chini, miaka nenda miaka rudi. Aliyezidiwa ni Bi Salhiya wa masjala. Kwa miaka sita, akimaliza sala, alitoa salamu kwa kugeuza mabega, shingo haiendi.

Akaletwa Thuwaiba, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Fumba, asiye na maneno mengi. Mpango wake ulikuwa mwepesi: sita tukandwe kwa taulo la moto, sita wawekewe lisilo la moto, kisha tulinganishwe.

Mheshimiwa aliupenda, akauboresha. Kila taulo lipite meza nne kugongwa muhuri kabla ya kugusa shingo ya serikali. Baada ya mwezi hapakuwa na tofauti yoyote baina ya makundi mawili. Mheshimiwa akatupongeza kwa kudumisha usawa.

"Taulo linanifika baridi," alisema Bi Salhiya.

"Lakini lina mihuri yote," nilimfariji.

Thuwaiba akabeba jiko lake la umeme, akaliweka masjala kwenyewe.

"Mheshimiwa karuhusu?" nikauliza.

"Mihuri tutagonga baadaye, Katibu. Inama."

Nikainama. Joto likanishuka mpaka mabegani, nikajikuta nnacheka peke yangu kama mtu anayetekenywa. Wiki ya tatu ya jiko hilo, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Salhiya aligeuza uso kulia, akageuza kushoto, akabaki amekaa pale pale kwenye mkeka, machozi yanamtoka huku anacheka. Thuwaiba akapima, akaandika, kisha akawakanda na wale sita wengine. Hamid wa mapokezi akagundua kwamba kwa miaka minane kushoto kwake kulikuwa na dirisha, na soko lote la Darajani linaonekana.

Mheshimiwa aliposikia mafanikio hayo, akayafanya yake, akaitisha kikao. Alipendekeza aende mwenyewe ng'ambo, miezi mitatu, kuchunguza chemchemi za maji moto, pamoja na mkewe kama mshauri wa mataulo.

"Tunakubaliana?"

Vichwa kumi na kimoja vikaenda kulia, vikaenda kushoto.

"Mnafanya nini?"

"Tunakataa, Mheshimiwa," alisema Bi Salhiya kwa adabu. "Zamani tulikuwa hatuwezi."

Mheshimiwa akanitazama mimi, katibu wake kwa miaka ishirini. Shingo ikazunguka laini, kulia na kushoto, bila hata kutoa mlio.

Akatangaza kwamba jaribio limeshindwa.

Tukalikataa na hilo, taratibu, kwa raha zetu.