Paa la Mwinjuma na Ndege ya Sadala

Kwenye benchi la Mwaija muuza kahawa, hapa Kang'ata, barua ya ng'ambo haisomwi na mwenyewe. Inasomwa na Abdi, tunayemwita Redio, maana akishaanza hazimiki. Asubuhi ile ya mwaka sabini na tano alikuwa anamsomea Kibwana barua ya mwanawe Sadala, anayesomea kuunda ndege huko Ulaya.

"Anasema yuko mwaka wa mwisho, lazima achague utafiti wa kumalizia masomo. Wa kwanza, upepo unavyopita kwenye bawa la ndege. Wa pili, unavyopita kwenye mapaa ya vijiji vyetu vipya. Hesabu atapiga kwa mashine inayojaa chumba kizima. Anaomba ushauri wako kwa simu ya maandishi kabla mwezi haujaisha."

"Na mwezi unaisha kesho," akasema Kibwana. "Basi la kwenda Korogwe, kwenye posta, linapita saa nne."

"Wa pili," akadakia Mwinjuma. Huyu tunamwita Nyota, kwa sababu tangu tuhamishiwe hapa paa lake limeruka mara tatu, na nyota anazihesabu akiwa kitandani. "Babu zetu walijenga msonge. Upepo ukija unazunguka, unasalimia, unapita zake. Tukaambiwa huo ni ushamba, jengeni pembe nne, mstari mmoja, uso barabarani. Sasa upepo unaingia bila hodi na kutoka na paa."

Kimaren, mfugaji, akatema tumbaku. "Nyumba ya mke wangu ni fito na samadi, fupi, haina pembe. Haijawahi kusafiri."

"Chungeni midomo," akasema Kamba. Ni balozi wetu wa nyumba kumi, na ndiye aliyeshika kamba ya kunyooshea ule mstari. "Kibwana, mwanao anasomeshwa na taifa. Arudi aseme mstari ulikosewa?"

"Ulikosewa," akasema Nyota.

"Ulinyooka."

"Ulinyooka sana. Ndiyo maana mapaa yanaondoka kwa foleni."

Tulicheka mpaka Mwaija akamwaga kahawa. Kibwana hakucheka. Aliogopa, na mimi sikumlaumu: mtoto kasoma miaka mitano, na neno moja la balozi linatosha kumrudisha mikono mitupu. Akamwambia Redio kwa sauti ndogo, "Andika, achague bawa la ndege."

Nyota akamgeukia Kibwana.

"Sawa, ndugu yangu. Ila mwongezee kwamba akimaliza aje alifundishe paa langu kutua. Kuruka lishafundishwa na Kamba."

Kamba akatoa daftari mfukoni, akalamba ncha ya penseli. Kila mtu akakumbuka ana mbuzi wa kwenda kumfunga.