Vidole Viwili Kushoto

Jumatatu, 4 Machi 1985
Mkaguzi wa mashine za eksirei anakuja Ijumaa! Mashine ikifaulu, mwendeshaji wake anapelekwa kozi Arusha, miezi sita. Mwendeshaji ni mimi, Hermani. Nani mwingine? Kasoro ni moja, tena ndogo: taa ya kulengea imepinda. Mwanga unaangukia kifuani, mionzi inapiga pembeni, upana wa vidole viwili kushoto. Wagonjwa nawasogeza kimyakimya. Fabiola, msaidizi wangu, anataka tuandike ukweli daftarini. Nimemwambia daftari si padre.

Jumanne, 5 Machi
Nimeujua mtihani wenyewe! Unapanga misumari minne kwenye kingo za mwanga, unapiga picha. Filamu ikionyesha misumari kwenye kingo za mionzi, umefaulu. Basi misumari nitaisogeza vidole viwili kushoto! Nimejaribu mara tatu. Safi! Nimecheka peke yangu chumba cha giza. Shida ni macho ya mkaguzi. Nahitaji koti pana la kumkinga asione.

Alhamisi, 7 Machi
Nilishinda Endagikot kwa mjomba Qamara, mwenye koti pana kuliko mlango. Kwanza shikamoo kwa wazee wote, mmoja mmoja, na habari za ng'ombe wa kila mmoja. Koti nimepata! Jioni Fabiola alitaka kuniambia jambo la mashine. Nikamwambia asinitie nuksi.

Ijumaa, 8 Machi
Msiba! Mkaguzi, Bwana Isidori, akasimama nyuma yangu. Koti likatanda. Nikasogeza misumari. Filamu ikatoka: misumari imepotoka vidole viwili! Kumbe jana Sulle, fundi wa mashine za kuvunia kule mashamba ya ngano, alikuja kupigwa picha ya mkono. Akisubiri filamu ikauke, Fabiola akamwomba aitazame taa. Akainyoosha kwa bisibisi, kwa mkono mmoja mzima! Fabiola akaambiwa apange upya misumari. Ikatoka sawasawa. Bwana Isidori akaandika jina la Fabiola, akauliza linaishia na herufi gani. Mimi hakuniuliza kitu.

Jumamosi, 9 Machi
Fabiola ndiye anayekwenda Arusha. Roho inaniuma, nakiri. Ameniamkia shikamoo, eti nimtunzie mashine. Lakini mkaguzi atarudi Septemba! Nimewaza asubuhi nzima nilikosea wapi. Sikukosea popote. Mpango ulikuwa mzuri, mashine ndiyo iliyopona bila ruhusa yangu. Basi nimefunga mlango, nimechukua bisibisi, nimeipinda taa tena. Nimepima kwa makini: vidole viwili kamili!